Diskasheni isiyovunjika wiki ya sita: mwongozo kamili wa makundi ya kujisomea uchumi mwaka wa pili

Mwaka wa kwanza wa uchumi mtu anaweza kuuvuka kwa desa, yaani notisi na majibu ya kunakili. Anakariri maana ya gharama mbadala, anachora mahitaji na ugavi, anaandika hoja tano, anapita. Mwaka wa pili mambo hubadilika. Mikro ya kati inataka Lagrange (njia ya kutafuta chaguo bora ndani ya bajeti), makro inataka IS na LM (mistari ya soko la bidhaa na soko la fedha) zikokotolewe mpaka namba itoke, takwimu zinataka upimaji wa nadharia tete, na hisabati ya wachumi inakudai matriki. Desa la mwaka jana linakuonyesha jibu tu. Halikuonyeshi ungekwama wapi.

Ndiyo maana wiki ya pili ya muhula vimbweta, zile meza za kusomea nje chuoni, hujaa. Watu 14 wamezunguka kimbweta kimoja, mmoja anaeleza, wengine wanaitikia kwa kichwa. Ikifika wiki ya sita wamebaki wawili, na hao wawili wangesoma pamoja hata bila kundi. Lawama huangukia uvivu, lakini aliyesoma mikro anapaswa kuiona sababu halisi: maelezo yakishatolewa mezani, kila aliyekaa anayapata, aliyejiandaa na asiyejiandaa. Ni bidhaa ya umma ya watu 14, na penye bidhaa ya umma kuna kudandia. Aliyekuwa anaeleza anachoka kubeba wenzake, anaanza kusoma chumbani kwake, na kundi linakufa. Hatua zote zilizo hapa chini zimejengwa kuzuia jambo hilo moja.

Idadi: watano au sita

Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba. Katika matokeo aliyochapisha mwaka 1913, watu wanane wakivuta pamoja, kila mmoja alitoa takriban nusu ya nguvu aliyoitoa akivuta peke yake. Diskasheni ya watu wengi hufanya hivyo hivyo. Hesabu pia njia za mazungumzo: watu watano wana jozi 10, watu 12 wana jozi 66. Katika jozi 66 hakuna anayejua nani hakuelewa nini.

Watatu ni wachache mno. Mmoja akiumwa malaria na mwingine akisafiri kwenda msibani, hakuna kikao. Chukueni watano au sita. Wa saba akiomba kuingia, msimkatae, msaidieni kuanzisha kundi lake.

Mchanganyiko ni muhimu kuliko urafiki. Kwa Tanzania, angalieni mtu alisoma tahasusi gani kidato cha tano na sita. Aliyetoka EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) amefanya hisabati ya juu, kwa hiyo kudiferenshieti si jambo geni kwake. Aliyetoka HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) au ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu) mara nyingi ana BAM tu, yaani hisabati tumizi ya msingi. Wa HGE kwa kawaida anaandika insha inayosomeka, na wa ECA haogopi jedwali la mizania. Kundi la EGM watupu litakokotoa kila kitu na kushindwa kueleza maana ya lambda, ile namba inayotoka kwenye Lagrange. Kundi la HGE watupu litakwama ukurasa wa kwanza wa hisabati. Wekeni angalau wawili wenye hisabati na wawili wenye uandishi. Wapenzi wawili kwenye kundi moja ni hatari inayojulikana: wakigombana, mnapoteza theluthi ya kundi kwa siku moja.

Kikao cha kwanza: ukurasa mmoja wa makubaliano

Kikao hiki hakisomi kitu. Kinachukua dakika 40 na kinatoa karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono na kusainiwa na wote. Yaandikwe mambo haya:

- Siku mbili za wiki na saa. Mfano Jumanne na Ijumaa, saa 10:00 jioni hadi 11:50. Kama lazima iwe usiku, mwisho ni saa 3:00, ili wanaokaa nje ya chuo wapate daladala na mabinti wasitembee peke yao.
- Mahali, na mahali pa akiba mvua ikinyesha. Kimbweta hakina paa la uhakika wala umeme wa uhakika.
- Kozi mbili tu za kundi. Chagueni zile zenye kukokotoa. Kozi ya insha kila mtu asome mwenyewe.
- Kuchelewa dakika 10 ni sawa na kutokuja. Kutokuja mara tatu bila taarifa ni kujitoa.
- Nini hakishirikishwi: zoezi la mtu mmoja mmoja lenye alama. Mnaweza kujadili swali linalofanana nalo, si lenyewe. Majibu sita yenye kosa moja la kufanana mhadhiri huyatambua kabla hajamaliza chai.

Faini ya fedha msiiweke. Aliyelipa shilingi 1,000 kwa kutokuja anajiona amelimaliza deni lake, na mara ya pili anakosa kuja kwa amani kabisa. Bumu (fedha ya mkopo ya kujikimu) likikata, faini hailipiki na inageuka ugomvi.

Karatasi ya kuingilia

Hii ndiyo nguzo ya mpango mzima. Mwisho wa kila kikao yanachaguliwa maswali matatu ya kikao kijacho. Kila mtu anayafanya peke yake, kwa mkono, na anakuja na karatasi. Asiye na karatasi hakai. Si adhabu ya kumfukuza. Anakaa kimbweta cha jirani dakika 30 za kwanza akijaribu swali la kwanza, kisha anajiunga.

Karatasi si lazima iwe na jibu sahihi. Inatakiwa ionyeshe vitu viwili: umefika wapi, na mstari uliokwama umeupigia duara. Duara ndilo linalofanya kazi. "Sijaelewa Lagrange" haimsaidii mtu, lakini "nimepata deriveti mbili, sijui kwa nini nazigawanya moja kwa nyingine" hujibiwa kwa dakika mbili.

Mpangilio huu una ushahidi wa muda mrefu. Miaka ya 1970, Uri Treisman katika chuo cha Berkeley, Marekani, alifuatilia kwa nini baadhi ya wanafunzi wa kalkulasi walifaulu na wengine, wenye bidii vile vile, walianguka. Wanafunzi wenye asili ya China walikuwa wanasoma kwanza kila mtu peke yake, kisha wanakutana kulinganisha majibu na kukosoana. Wengi wa walioanguka, wakiwamo Wamarekani Weusi aliowafuatilia, walisoma peke yao mwanzo hadi mwisho, na hawakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba wanakosea. Peke yako kwanza, pamoja baadaye: mkigeuza mpangilio huo, mnarudi kwenye kuitikia kwa kichwa.

Dakika 110 za kikao

Kila kikao kina watu watatu wa zamu, na zamu inazunguka: mwongozaji, mweka muda, na mbishi. Kazi ya mbishi ni kuuliza "kwa nini?" kila hatua inaporukwa, hata kama yeye ameelewa. Bila mbishi rasmi watu huona aibu kuuliza.

Dakika 0 hadi 10: madaftari yamefungwa, simu zimegeuzwa. Maswali matano mafupi kutoka kikao kilichopita, kila mtu anajibu kwa maandishi. Alama zinabaki kwenye daftari la mwenyewe.

Dakika 10 hadi 25: karatasi zinazungushwa upande wa kulia. Unasoma ya mwenzako bila kalamu nyekundu, unatafuta mahali mlipoachana. Mweka muda anaorodhesha maduara yote.

Dakika 25 hadi 85: ubao. Maswali yenye maduara mengi ndiyo yanaanza, na anayeshika kalamu ni yule aliyekwama, si yule aliyepata. Hapa wengi hukosea. Aliyepata akishika kalamu, anaandika haraka, kila mtu anaona ni rahisi, na kesho hakuna anayeweza kurudia. Aliyekwama akishika kalamu na wenzake wakimwongoza kwa mdomo tu, mwendo ni wa konokono, lakini kila shimo linaonekana.

Dakika 85 hadi 100: maandishi. Nitaeleza chini.

Dakika 100 hadi 110: kuchagua maswali matatu mapya na watu wa zamu. Moja liwe rahisi, moja la kiwango cha mtihani, moja gumu kidogo kuliko mtihani.

Kwa ubao, kimbweta hakina. Laminetini karatasi nyeupe mbili za A3 stationari; kalamu ya ubao mweupe inaandika juu yake na inafutika kwa kitambaa. Grafu zichorwe kwenye karatasi ya miraba. Mchoro wa kubahatisha ndio unaowafanya watu waone mistari inagusana mahali ambapo haigusani.

Swali moja kwa karibu

Tuseme mtu ana shilingi 40,000, anapenda bidhaa mbili, x na y, kwa fomula U = xy, ambapo U ni ridhaa. Bei ya x ni 2,000, ya y ni 1,000. Mnapata x = 10, y = 20, na lambda ni 0.01. Wengi huishia hapo. Mbishi anauliza: 0.01 ya nini? Jibu: shilingi moja ya ziada kwenye bajeti ingeongeza ridhaa kwa takriban 0.01. Ongezeni shilingi 100 mkokotoe upya: ridhaa inapanda kutoka 200 hadi 201 na kitu kidogo sana. Mkishaiona namba hiyo ikitoka, lambda haisahauliki.

Sasa bei ya x ipande hadi 4,000. Chaguo jipya ni x = 5, y = 20. Swali linasema: gawa upungufu wa x tano kuwa athari ya badala na athari ya kipato. Hapa kundi hupasuka. Mmoja ana 2.5 na 2.5. Mwingine ana 2.93 na 2.07. Kila mmoja anamwona mwenzake amekosea, na kama kuna jembe (yule anayejua kuliko wote) mezani atatangaza mshindi.

Wote wamepata. Wa kwanza amefuata njia ya mchumi Slutsky: amempa mteja kipato cha kumwezesha kununua kikapu chake cha zamani kwa bei mpya, yaani 4,000 × 10 + 1,000 × 20 = 60,000, na kwa kipato hicho mteja angechagua x = 7.5. Wa pili amefuata njia ya mchumi Hicks: amemrudisha mteja kwenye ridhaa ile ile ya 200, ambapo y = 4x, hivyo x ni kipeuo cha pili cha 50, takriban 7.07, na kipato kinachohitajika ni kama 56,570 tu. Tofauti ya hizo shilingi 3,430 ndiyo somo lenyewe: Slutsky anamfidia mteja zaidi ya inavyohitajika ili abaki na ridhaa ile ile, kwa sababu akipewa kikapu cha zamani bado ana nafasi ya kubadilisha na kupata kizuri zaidi. Ukisoma peke yako unapata moja kati ya majibu hayo, unaridhika, na mtihani ukitaja jina la mwingine unakosa alama bila kujua kwa nini. Kwa hiyo kanuni ya ubaoni ni hii: majibu mawili yakitofautiana, hairuhusiwi kuuliza lipi ni sahihi mpaka kila upande umeonyesha dhana yake ya kwanza.

Takwimu zinataka mbinu nyingine, maana makosa yake ni madogo na yamejificha. Chukueni sampuli ya maduka 25, wastani 52, mkengeuko sanifu 10, nadharia tete kwamba wastani ni 50. Sahihi ni 2 kugawanya kwa 10/5, yaani t = 1, na nadharia tete haikataliwi kwa kuwa kikomo cha asilimia 5 pande mbili kwa digrii 24 za uhuru ni 2.064. Aliyesahau kipeuo cha pili amegawanya 10 kwa 25, akapata t = 5, akakataa kwa kujiamini. Kwa takwimu, kila mtu atunze ukurasa wa makosa yake mwenyewe: kipeuo, n badala ya n kutoa 1, upande mmoja badala ya miwili. Ukurasa huo ndio wa kusoma usiku wa kuamkia tesiti.

Makro nayo huwa tamu ikiguswa na mambo ya nchi. Hendauti (karatasi za mhadhiri) huchora LM inayopanda. Benki Kuu ya Tanzania, tangu Januari 2024, inaendesha sera kwa kutangaza riba yake, iliyoanza na asilimia 5.5. Sasa kama riba imepangwa, LM inakaaje? Wekeni namba. Y ikiwa pato na r riba, IS ni Y = 1350 − 50r, LM ni Y = 1000 + 50r; mnapata r = 3.5 na Y = 1175. Matumizi ya serikali yaongezeke kwa 20, kizidishi ni 5, IS inahama kwa 100. Kwa LM ya hendauti riba inapanda hadi 4.5 na pato linaongezeka 50 tu. Nusu imeliwa na uwekezaji uliopungua. Riba ikishikiliwa 3.5, pato linaongezeka 100 kamili, na ugavi wa fedha ndio unaofuata nyuma. Swali kama hili linachukua kikao kizima, na linastahili.

Kueleza kwa Kiswahili, kuandika kwa Kiingereza

Mihadhara na mitihani ni kwa Kiingereza, mabishano ya kimbweta ni kwa Kiswahili. Hakuna ubaya; mtu hubishana vizuri kwa lugha anayoiota. Tatizo huja siku ya mtihani: hoja iko kichwani kwa Kiswahili, dakika zinakwenda ukiitafutia sentensi. Ndiyo kazi ya zile dakika 15. Kila mtu anaandika kwa Kiingereza, kimya, aya moja ya sentensi nne hadi sita inayoeleza jibu la siku hiyo, kisha mbili zinasomwa kwa sauti. Angalieni hasa vitenzi vya swali. Mtihani ukitaka uonyeshe kihisabati, insha haikupi alama. Ukitaka ueleze, fomula tupu haikupi.

Kutoka kundi moja hadi darasa zima

Darasa la watu 60 ni makundi 10 hadi 12. Kila kundi litoe mjumbe, wajumbe wakutane nusu saa kila baada ya wiki mbili pamoja na CR, mwakilishi wa darasa. Hawa wana kazi tatu tu.

Kwanza, WhatsApp. Fungueni makundi mawili: la matangazo, ambalo wajumbe pekee wanaandika, na la maswali. Kwenye la maswali, anayeuliza lazima aambatishe picha ya jaribio lake. Majibu kwa sauti yasiruhusiwe. Mwezi mmoja baadaye hakuna anayeweza kuyatafuta.

Pili, ghala la maswali. Pasti pepa (mitihani ya miaka iliyopita) zipangwe kwa mada, si kwa mwaka, maana mkipanga kwa mwaka mtazikariri. Kila jibu linaloingia ghalani liwe na herufi za majina ya watu wawili wa makundi tofauti waliolikokotoa kila mmoja peke yake. Majibu yanayozunguka chuoni hurithiwa na makosa yake, na alama ya kutoa iliyopotea miaka minne iliyopita inaweza kukuangusha leo. Sheria hiyo hiyo ihusu majibu ya programu za akili mnemba: zinakokotoa vizuri mara nyingi na kukosea kwa ufasaha uleule, kwa hiyo ziulizwe baada ya karatasi kujazwa.

Tatu, kumleta msaidizi wa mhadhiri mara moja kwa mwezi. Msimwombe "atufundishe". Mpelekeeni siku tatu kabla orodha ya maduara matano yaliyoshindikana kwenye makundi mengi. Mtu mwenye shughuli huja kwa furaha akijua ataulizwa nini.

Yanayoharibika

Jembe anageuka mhadhiri. Dalili: mtu mmoja anaongea zaidi ya nusu ya kikao. Mpeni ubishi wa zamu vikao viwili mfululizo, aulize tu. Akilalamika kwamba anapoteza muda, ana hoja, na mumsikilize: swali la tatu liwe gumu kweli ili naye aondoke na kitu.

Mtu ana karatasi kila siku lakini imenakiliwa. Haina haja ya kesi. Mwombeni aanze ubaoni kutoka mstari wake wa tatu.

Tesiti zikikaribia, kila mtu anataka kuacha kikao "asome kwanza". Wiki hizo punguzeni, msifute: kikao kimoja, dakika 60, pasti pepa moja kwa muda wa mtihani, kimya, kisha kusahihishana.

Kikao kinageuka soga. Kwa kawaida sababu ni maswali rahisi mno.

Kupima kama linafanya kazi

Wiki ya 5 na wiki ya 10, katika muhula wa wiki 15, fanyeni jaribio la dakika 40, kila mtu peke yake, maswali yaliyotungwa na kundi jingine. Angalieni wa chini kabisa, msiangalie wastani. Kama watano wamepanda na mmoja yuko chini ya 40 mara zote mbili, kundi halimsaidii. Pengine tatizo lake ni la BAM na anahitaji wiki mbili za aljebra na mwenzake mmoja, saa moja kila jioni. Vyuo vingi vya Tanzania hutoa alama 40 kwa kozi weki (tesiti na mazoezi ya muhula) na 60 kwa mtihani wa mwisho, kwa hiyo anayegunduliwa wiki ya 10 bado ana sehemu kubwa ya alama mbele yake. Wiki ya 14 hakuna tena wa kumwokoa.

Kama kundi zima halijasogea kati ya wiki ya 5 na ya 10, livunjeni na kila mtu aingie kundi jingine lenye nafasi. Wajumbe ndio wanaopanga, na ifanywe siku hiyo hiyo, kabla watu hawajazoea kukaa jioni bila kikao.

Wiki ya mwisho kabla ya mitihani hakuna mada mpya. Kila kikao ni pasti pepa nzima kwa muda kamili, na kikao cha mwisho kinaisha saa 48 kabla ya mtihani wenyewe. Zile karatasi zenye maduara msizitupe: ziingizeni ghalani kwa mada, maana wa mwaka wa kwanza watakwama mistari hiyo hiyo.